Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Kipindupindu Hakisubiri Nauli

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Dodoma

Nakala: Waziri wa Afya, Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, Kamishna Jenerali wa Magereza, Mkurugenzi wa Mashtaka

YAH: KUWALINDA WAHAMIAJI WALIO MAHABUSU NA MAGEREZANI WAKATI WA MLIPUKO WA KIPINDUPINDU

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunakuandikia wewe kwa sababu Polisi wanaomkamata mhamiaji barabarani, Uhamiaji wanaomfungulia jalada na Magereza wanaomlaza usiku, wote wako chini ya wizara yako. Hata masuala ya wakimbizi yako chini yako. Ni nadra jambo zito kuwa na funguo zake zote katika wizara moja, na ndiyo maana tunaamini unaweza kulimaliza. Ombi letu lina pande mbili. Waliomaliza vifungo watoke kabla mvua hazijashika kasi. Watakaobaki wawe na maji, na wawe na mlango unaofunguka saa yoyote ya usiku mtu anapoanza kuharisha.

Wengi tunaowazungumzia ni vijana kutoka kusini mwa Ethiopia, hasa maeneo ya Hadiya na Kambata. Wanapita Moyale na Nairobi, wanaingia kwetu kwa njia za panya za Kilimanjaro na Tanga au kwa mashua za pwani, kisha wanaelekea Morogoro, Iringa na Mbeya wakitafuta mipaka ya Tunduma au Kasumulu, na mwisho wa safari waliouwazia ni Afrika Kusini. Wapo pia Wakongo, Warundi na wengineo. Wakikamatwa hushtakiwa kwa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54: faini au jela. Faini hawana, kwa hiyo huenda jela. Kifungo kikiisha huanza kile ambacho hakimu hakukitamka: kungoja. Hati ya kusafiria haijaja, nauli haijapatikana, na hakuna aliyepangiwa kulipa. Mtu huyo hana tena deni na mahakama, lakini bado analala bwenini, bado anahesabiwa asubuhi na jioni, bado anatumia ndoo ile ile ya haja.

Sasa weka kipindupindu ndani ya bweni hilo.

Mtu mzima mwenye kilo 60 akishikwa na kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita 1 ya maji kwa saa. Haja yake haina usaha, haina damu, ni maji meupe kama ya kuoshea mchele. Akishapoteza asilimia 10 ya uzito wake, yaani lita 6 hivi, mapigo ya mkono hayashikiki tena, macho yamezama, ngozi ukiibana hairudi, mkojo umekoma. Tuseme kuhara kumeanza saa 3 usiku. Saa 9 usiku mtu huyo yuko kwenye hali hiyo. Bweni lililofungwa saa 11 jioni hufunguliwa saa 12 asubuhi. Zimebaki saa 3, na saa 3 hizo zinatosha kumuua. Ugonjwa huu ukitibiwa vizuri haupotezi hata mgonjwa 1 kati ya 100. Usipotibiwa, wagonjwa mahututi hufa karibu nusu. Katika gereza, kinachoamua mtu awe upande upi mara nyingi ni nani ana ruhusa ya kufungua mlango usiku.

Kwa hiyo hili tunaliweka mbele ya yote: toa waraka wa maandishi kwamba askari wa zamu akiarifiwa kuwa mtu ameharisha maji mara 3, au ametapika na hawezi kusimama, afungue mlango bila kusubiri kibali cha mkuu wa gereza, akiwa na mwenzake kwa usalama, na amtoe mgonjwa. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 27 kwamba uamuzi wa tiba ni wa mtaalamu wa afya na hautenguliwi na askari asiye mganga. Kanuni ya 24 inasema mfungwa anastahili matunzo ya afya ya kiwango kile kile cha walio nje, bila malipo na bila kubaguliwa kwa hadhi yake ya kisheria. Maneno hayo ya mwisho yanamgusa moja kwa moja mtu asiye na kibali.

Mlango ukishafunguka, lazima nje yake kuwe na kitu. Gereza lenye watu 400 lijiandae kwa wagonjwa 20, yaani asilimia 5, kwa kuwa palipofungwa ugonjwa husambaa kuliko mtaani. Tuchukulie nusu yao watakuwa mahututi. Kila mgonjwa mahututi atengewe lita 10 za dripu ya Ringer, yaani maji yenye chumvi za mwili, na kila mgonjwa pakiti 10 za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa. Hiyo ni lita 100 za dripu na pakiti 200, shehena inayoingia kwenye kabati moja la zahanati. Ziwekwe humo sasa, siyo bohari ya mkoa, kwa sababu ombi la dharura hupita mezani kwa watu wengi na mgonjwa hana muda huo.

Namna ya kuzitumia tunaiandika waziwazi, maana hapa ndipo watu hupotea. Mgonjwa mahututi mwenye kilo 60 anahitaji mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 6, ndani ya saa 3: lita 1.8 katika nusu saa ya kwanza na lita 4.2 katika saa 2 na nusu zinazofuata. Sindano iwe pana, namba 16 au 18. Kwa sindano nyembamba ya mtoto lita 1.8 haziwezi kupita kwa nusu saa hata ukiitundika dripu darini. Kosa la kwanza tunaloliona ni kumwekea mgonjwa dripu moja ya nusu lita na kumwacha alale ukidhani ametibiwa. Kosa la pili ni dripu ya glukosi ya asilimia 5, ambayo hairudishi chumvi zilizopotea. Kosa la tatu ni kumnyima maji ya kunywa kwa hofu kwamba atatapika. Akitapika, asubiri dakika 10 kisha aendelee kunywa kidogo kidogo. Aliyeishiwa maji kwa kiasi hapewi dripu. Anywe ORS mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, ambayo kwa kilo 60 ni lita 4 na nusu, na baada ya hapo kikombe kimoja kila anapoharisha. Antibiotiki ya doksisaiklini ya miligramu 300 kwa mkupuo mmoja hufupisha ugonjwa kwa mtu mzima, lakini haichukui nafasi ya maji.

Wahamiaji hawa wana jambo lao la pekee. Wengi hufika wakiwa wamedhoofu kwa njaa ya wiki kadhaa, wamefichwa porini au ndani ya makontena. Nchi hii inakumbuka Juni 2012, pale Chitego mkoani Dodoma, miili ya zaidi ya 40 kati yao ilipokutwa imetupwa baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Aliyesalimika safari ya namna hiyo hana akiba mwilini. Mpokee kwa ORS na uji mwepesi, vyakula vidogo mara nyingi kwa siku kadhaa. Sahani iliyojaa ugali na maharage siku ya kwanza inaweza kumdhuru kweli mtu aliyekondeana. Tena huleta kuharisha kunakomchanganya muuguzi asijue kama ni chakula au ni kipindupindu.

Tuje kwenye maji, kwa kuwa kila kitu kinarudi hapo.

Kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Watu 400 ni lita 6,000 kila siku, na kila mgonjwa aongezewe hadi lita 60 kwa ajili ya usafi wake. Bomba likikauka, boza huja likiwa na maji ambayo hakuna aliyeyapima. Gereza linahitaji vitu vinne tu kuyafanya salama: klorini ya unga ya asilimia 70, bomba la sindano lenye vipimo, ndoo 4 za lita 20, na kipimo cha klorini kile kidogo kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Changanya kijiko 1 cha chakula cha unga huo, gramu 15 hivi, katika lita 1 ya maji. Weka mililita 1 ya mchanganyiko huo katika ndoo ya kwanza, 1.5 katika ya pili, 2 katika ya tatu, 2.5 katika ya nne. Subiri dakika 30, kisha pima. Ndoo inayosoma miligramu 0.5 kwa lita ndiyo inayokuonyesha dozi. Ikiwa ni ile ya mililita 2, basi tenki la lita 5,000 linahitaji nusu lita ya mchanganyiko. Boza jipya likija, pima upya. Maji ya tope hula klorini yote kabla haijaua vimelea, kwa hiyo yatuliwe kwanza kwa shabu na kuhamishwa juu juu, uchafu ubaki chini.

Unga huo huo ndio wa usafi, kwa nguvu tofauti. Wa kunawa mikono ni kijiko 1 cha chakula kwa ndoo ya lita 20. Wa sakafu, vitanda, buti na vyoo ni vijiko 4 kwa ndoo hiyo hiyo. Wa kumwaga juu ya matapishi na kinyesi ni vijiko 2 kwa lita 1. Ndoo ya haja iwekewe kikombe cha huo mkali kabla ya kutumika, iwe na mfuniko, na anayeibeba asubuhi awe na glavu na buti. Tunasisitiza glavu na buti kwa sababu kazi hii mara nyingi hupewa aliyeingia juzi na asiyejua lugha, naye ndiye anayeugua mapema. Michanganyiko ifanywe kila siku, katika vyombo vya plastiki, kivulini, na kila ndoo iandikwe ni ya nini. Tafadhali pia wakataze kuwapulizia watu dawa mwilini getini. Inaumiza macho na mapafu, haizuii kipindupindu, na inamfundisha mtu kukimbia kila anapoona koti jeupe.

Choo 1 kitumiwe na watu wasiozidi 25. Tunajua majengo yetu mengi ni ya zamani na hayafiki hapo. Panapokosekana choo, kunawa mikono kusikosekane: ndoo yenye koki na sabuni kwenye mlango wa choo na kwenye mlango wa jiko, na wapishi wasiwe watu walioharisha ndani ya wiki iliyopita.

Kuhusu wanaoingia. Kipindupindu huchukua kati ya saa chache na siku 5 kujionyesha. Ndiyo maana tunashauri wapya wakae peke yao siku 5 kabla ya kuchanganywa na wengine. Magereza na vituo vingi hukubali ushauri huu kisha huuvunja bila kujua. Jumatatu huingizwa watu 12 katika chumba cha wapya, Jumatano wakaongezwa 9 humo humo, Ijumaa 15. Kila wanapoongezwa, hesabu ya siku 5 inaanza upya kwa wote, na chumba kinageuka kuwa mahali pazuri kuliko pote pa kuambukizana. Kundi la Jumatatu na kundi la Jumatano lazima wawe na vyumba viwili, ndoo mbili na vikombe mbalimbali. Nafasi isipokuwepo, Polisi na Uhamiaji waelewane wasilete wapya gereza hilo hadi kundi la kwanza litoke.

Kutengwa kwa ajili ya afya kusifanane na adhabu. Kama chumba cha wagonjwa ndicho kile kile cha watukutu, kama aliyetengwa hapati jua, hapati chakula cha moto na hajui atatoka lini, wote watajifunza kuficha ugonjwa. Mtu atajisaidia gizani, ataomba wenzake wanyamaze, na utajua una mlipuko siku ya mazishi ya kwanza.

Lugha ni tiba pia. Askari akiuliza "unaumwa?" na kijana akatikisa kichwa kwa kutoelewa, daftari litaandikwa kwamba wote wazima. Maneno machache yanatosha kuanzia: kwa Kiamhari *wuha* ni maji na *tekmat* ni kuharisha, kwa Kioromo *bishaan* ni maji. Yaandikwe ukutani kwenye chumba cha zamu. Kwa kuwa wengi wa Hadiya na Kambata wana lugha zao na Kiamhari chao wakati mwingine ni cha shule tu, ziwepo kadi za picha: mtu anayeharisha, mtu anayetapika, kikombe, ndoo. Halafu kuna hatari ambayo asiyezoea mambo haya hawezi kuiona. Mkalimani anayejitokeza haraka, anayejua Kiswahili kidogo na kusema kwa niaba ya kundi zima, anaweza kuwa ndiye aliyewasafirisha. Kiamhari humwita *delala*, neno lile lile la dalali wetu. Yeye anawadai wenzake, nao wanamwogopa. Mbele yake hakuna atakayesema anaumwa wala umri wake halisi. Tafuteni mkalimani kwa simu kutoka nje, na mgonjwa aulizwe bila dalali kusikia. Majibu yake ya kiafya yasiingie kwenye jalada la mashtaka. Siku moja tu yatakapotumika mahakamani, hakuna mwingine atakayesema kweli.

Watoto wasiwemo kabisa humo ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haibagui mtoto kwa pasipoti. Palipo na shaka ya umri, atazamwe kama mtoto, aitwe afisa ustawi wa jamii, na apelekwe kwenye makao ya watoto.

Mheshimiwa, hayo yote yanapunguza vifo. Kinachozuia mlipuko wenyewe ni kupunguza watu.

Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma. Nyuma yao mlima, mbele yao Ziwa Tanganyika, na njia ya kutoka ni maji tu. Hawakuwa wamefungwa na mtu, walifungwa na umbo la ardhi. Kipindupindu kiliingia, maelfu wakaugua na watu wapatao 30 wakafa katika wiki chache. Kazi iliyofanyika pale ilikuwa ya pande mbili kwa pamoja: maji yenye klorini na ORS palepale ufukweni, na huku meli ya MV Liemba ikiwahamisha watu safari baada ya safari hadi Kigoma mjini na kambini. Kuwatibu bila kuwahamisha kungekuwa kufukuza upepo. Bweni lililojaa ni Kagunga yenye kuta, isipokuwa kwamba hapa njia ya kutoka iko mkononi mwa serikali.

Na serikali imeshawahi kuifungua. Januari 2021, Rais wa Ethiopia alipotembelea Chato, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa Waethiopia 1,789 waliokuwa wamefungwa nchini kwa kuingia bila kibali. Mamlaka hayo yako katika Ibara ya 45 ya Katiba na bado yapo. Ila msamaha hutangazwa kwa dakika moja, na safari ina hatua zake, kila hatua ikiwa na mwenyewe. Tunapendekeza ziende hivi.

Kila gereza litoe ndani ya siku 7 orodha yenye mafungu matatu: waliomaliza kifungo, waliobakiza chini ya miezi 6, na mahabusu ambao kesi yao ni kuingia au kukaa bila kibali tu. Fungu la kwanza halihitaji msamaha wa mtu, linahitaji usafiri. La pili lipelekwe kwa Rais. La tatu lipelekwe kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ana mamlaka ya kuondoa shauri mahakamani. Kabla jina halijapelekwa ubalozini, kila mtu aulizwe faraghani kama anaogopa kurudi kwao. Anayeogopa ana haki ya kusikilizwa chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na kumtaja kwa ubalozi wa serikali anayoikimbia ni kumweka hatarini. Waliobaki waandikiwe hati za dharura za kusafiria. Maafisa wa ubalozi waje gerezani na kamera na fomu, wawahoji 50 kwa siku, badala ya gereza kusindikiza watu wawili wawili hadi Dar es Salaam. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limekuwa likisaidia safari za hiari za kurudi nyumbani, nalo hupanga kwa majina kamili, kwa hiyo orodha yenye makosa hurudishwa na wiki nyingine hupotea.

Makosa yenyewe ni rahisi kuyakwepa. Waethiopia hawana jina la ukoo. Huandika jina la mtu, la baba, kisha la babu, sawasawa na majina yetu matatu. Tatizo ni daftari kuandika jina moja tu, au la babu kuwa "surname", au tahajia tatu za mtu mmoja: ya polisi, ya mahakama na ya gereza. Andikeni matatu yote, pamoja na wilaya ya kwao na namba ya simu ya ndugu mmoja.

Ndani ya siku 5 kabla ya kupanda basi, wanaosafiri wakae mahali pamoja nje ya bweni, waangaliwe asubuhi na jioni. Kwenye basi kuwe na muuguzi, ORS, maji yaliyotibiwa, ndoo zenye mfuniko na klorini, na wenzetu wa Kenya waarifiwe mapema kuhusu siku na mpaka watakaopita. Jambo ambalo tunaomba lisifanyike kwa hali yoyote ni "kupunguza msongamano" kwa kuhamisha watu kutoka gereza lenye ugonjwa kwenda lisilo nao. Kwenye makaratasi msongamano umepungua, lakini baada ya siku 5 una magereza mawili ya kuhangaikia. Kuwafungulia geti usiku bila hati wala nauli nako ni kuwatupa, maana watakamatwa stendi kesho yake.

Chanjo ya kumeza ya kipindupindu ipo. Ni mililita 1.5 mdomoni, haihitaji sindano, na huanza kukinga baada ya wiki moja hivi. Tangu Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi moja wakati wa mlipuko kwa sababu dozi ni chache duniani. Wizara ya Afya inapopanga kata za kuchanja, magereza na mahabusu za wilaya hizo ziandikwe kwenye mpango tangu mwanzo, na askari na familia zao za kota wahesabiwe pamoja na wafungwa. Askari anarudi nyumbani kila jioni na buti zile zile, mkewe anachota bomba lile lile. Kuwapa bweni zima antibiotiki kama kinga tusikukimbilie, kunazaa usugu wa vimelea. Mganga mkuu wa mkoa anaweza kulijadili hilo kwa kundi dogo lililofungwa pamoja, na uamuzi uwe wake.

Mgonjwa wa kwanza akishukiwa, mganga mfawidhi wa zahanati ya gereza amwarifu mganga mkuu wa wilaya ndani ya saa 24, kama inavyotakiwa kwa kila kituo cha afya nchini. Asisubiri barua ipande ngazi za Magereza hadi Dodoma na kushuka tena. Wapo wakuu wanaoona taarifa ya mlipuko ni doa kwao. Wahakikishieni kwa maandishi kwamba anayetoa taarifa mapema hataulizwa kwa nini, na anayeficha ataulizwa.

Na atakayekufa. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu huoshwa kwa klorini ile kali, matundu huzibwa pamba iliyolowekwa humo, hufungwa kwenye mfuko na kuzikwa haraka. Haraka haina maana ya kutokujulikana. Kaburi liwe na namba, namba iwe kwenye rejista pamoja na majina matatu, tarehe na mahali, na simu ipigwe kwa ile namba ya ndugu iliyoandikwa siku ya kuingia. Kuna mama huko Hosaena, mji wa Hadiya, ambaye mtoto wake aliaga kwenda Afrika Kusini na simu yake ikanyamaza mahali fulani njiani. Akipigiwa, ataomba maiti, ataambiwa haiwezekani, na atauliza kama alizikwa kwa dini yake. Mumtafutie jibu la kweli la swali hilo kabla ya kupiga.

Tunaomba utujibu hadharani mambo manne: tarehe ambayo orodha za magereza yote zitakuwa mezani kwako; jina la cheo kitakachosimamia hati na nauli za waliomaliza vifungo, na fungu la bajeti litakalolipa; nakala ya waraka wa mlango wa usiku; na namba moja ya simu, inayopokelewa saa 24, ambayo muuguzi wa zahanati ya gereza ataipiga akiwa na wagonjwa 5 na dripu 3. Mvua za masika huanza Machi. Tuko tayari kuja Dodoma au gereza lolote mtakalochagua, na ndoo 4 na kipimo cha klorini, kuwafundisha wauguzi na askari wa zamu kwa siku moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wauguzi, maafisa afya ya mazingira na wanasheria wa msaada wa kisheria wanaohudumia wahamiaji walio kizuizini